Batli za Uvinza

Daktari Anastazi Ruhoza aliingia chumba cha fuwele akiwa bado na koti jeupe la wodini, na Paskazia Buhanza akajua kwamba mkurugenzi hakuja kukagua. Siku za ukaguzi alivaa suti. Koti lilimaanisha ametoka kwa wagonjwa, na akitoka kwa wagonjwa alikuja na ombi.

"Injinia, alfajiri tumempoteza mtoto mwingine," alisema. "Wa Kasulu. Alikuwa kwenye foleni ya tezi."

"Pole, Daktari."

"Pole hazinisaidii. Nataka masinia yale."

Alinyoosha kidole upande wa kushoto, nyuma ya vioo vilivyofungwa.

Chumba kilikuwa kikavu kama mdomo wa aliyefunga. Hewa yake ilikamuliwa unyevu wote, kwa sababu adui wa kila kilichomo ndani yake alikuwa maji. Watu wa Uvinza walichemsha chumvi tangu enzi za mababu. Sasa chumvi hiyo hiyo ilikuzwa ikawa fuwele bapa, angavu kama kioo, na ndani ya kila fuwele mwali wa leza uliandika habari za watu. Fuwele zililala kwenye masinia, na masinia kwenye rafu zilizopanda hadi darini.

Upande wa kulia ulikuwa wa faili hai. Humo alikuwamo kila mgonjwa wa selimundu wa mikoa ya magharibi aliyepandikizwa tezi bandia, watu zaidi ya elfu arobaini, pamoja na kipimo cha dawa ambacho tezi yake ilipaswa kukitoa. Kila jua lilipotua, tezi ziliuliza na Uvinza ikajibu. Tezi isiyojibiwa ilinyamaza kabisa. Waliozibuni waliona heri mgonjwa akose dawa kuliko apewe isiyo yake.

Upande wa kushoto zilikaa batli. Jina lilikopwa kwa manahodha wa zamani, walioandika kila jambo la safari kwa mfuatano wake. Batli hazikusema mgonjwa apewe nini leo. Zilisema kila kilichowahi kubadilishwa tangu siku ya kwanza: huyu ameongezwa, yule kapunguziwa, huyu kahamia Kibondo, yule amefariki. Paskazia alikuwa mlinzi wake tangu Hazina, kama kituo hicho kilivyoitwa, ifunguliwe.

"Fuwele mpya hazitakuwa tayari kabla ya kiangazi kwisha," Daktari aliendelea. "Nina watoto elfu tisa kwenye foleni. Tukiyeyusha batli tukakuza fuwele kutokana na maji yake, zinakuwa tayari baada ya wiki chache tu, na watoto wote wanaingia."

"Na zikihitajika?"

"Wewe umezihitaji mara ngapi?"

Paskazia hakuwa mtu wa kudanganya. "Sijazihitaji hata mara moja."

"Basi."

"Daktari, wewe unawachanja watoto wasioumwa."

"Chanjo yangu haimnyang'anyi mtoto mwingine kitanda, Injinia."

Paskazia alitazama vioo, akasema taratibu, "Faili hufutika. Si lazima aje mwizi. Mara nyingi anayeifuta ni mtu mwenye nia njema, ana haraka. Ikifutika tukiwa na batli, tutaijenga upya. Ikifutika bila batli, hatutajua hata tumempoteza nani."

Daktari akatoa ufunguo wake mfukoni, kipande cha shaba chenye alama za kidole. Vioo vya batli vilifunguka kwa funguo mbili tu, wa mkurugenzi na wa mlinzi, kwa pamoja.

"Wangu huu hapa. Unabaki wako. Fikiria. Ila ukitaka kufikiria vizuri, pitia wodini kwanza."

* * *

Alipita. Angepita hata asingeambiwa, maana kitanda cha dirishani kilikuwa cha Dativa, mtoto wa dada yake Leonia. Dativa alikuwa na miaka tisa na mwili wa mtoto wa miaka sita. Maumivu ya mifupa yalikuwa yamempata tangu juzi. Alikuwa ameacha kulia. Alihema kwa pua, macho yametulia ukutani, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike.

Leonia aliondoa mkoba kitini ili mdogo wake akae.

"Muuguzi ananiambia nafasi za tezi zipo," alisema. "Ila kuna mtu ameshika ufunguo. Nikamuuliza ni nani. Akaniangalia tu."

"Ni mimi, dada."

"Nilijua. Nieleze, nami nielewe."

Paskazia alieleza. Leonia alikuwa fundi cherehani, hakusomea mashine za kuandika kwenye chumvi, lakini alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo unawakinga watu elfu arobaini na ubaya ambao labda utakuja," alisema, "na huyu wangu anaumwa leo."

"Ndiyo."

"Na usipokuja?"

"Nitakuwa nimekosea, na watakuwapo watoto waliolipia kosa langu."

Leonia alivuta shuka, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa na mkunjo. "Sitakuomba, Paska. Nikikuomba utakubali kwa sababu ni mimi, na baadaye hatutaweza kutazamana. Ila usije ukaniambia kwamba jambo hili ni jepesi."

"Si jepesi."

"Mama mdogo," Dativa aliita kwa sauti ndogo. "Niwekee mkono hapa gotini."

Akamwekea, na hakuuondoa mpaka mtoto alipopitiwa na usingizi. Goti lilikuwa la moto. Paskazia aliwaza kwamba kila mmoja wa wale elfu arobaini aliwahi kulala hivi, na tezi ndiyo iliyomwinua. Shabani Mwilima, fundi wake wa masinia, alilala hivi utoto wake wote. Leo alikuwa na mke na watoto wawili na alicheza mpira Jumapili. Kumwambia mtu kama huyo kwamba maisha yake yameandikwa mahali pamoja tu, na nakala ya kuyarudisha tumeiyeyusha, Paskazia alijiona hawezi. Kumwambia Dativa asubiri, hilo pia alijiona hawezi. Lakini moja kati ya hayo mawili ilikuwa lazima alifanye.

Jioni ile alimwandikia mkurugenzi. Ufunguo hatautoa. Badala yake alipendekeza wafanye wilaya moja moja: wachukue nakala kamili ya wagonjwa wa wilaya, waijaribu mpaka wahakikishe inasomeka, ndipo wayeyushe batli za zamani za wilaya hiyo tu na kuingiza watoto kwenye nafasi iliyopatikana.

Jibu lilikuwa fupi. *Hiyo ni watoto mia mbili kwa mwezi. Wengine watakufa kabla hawajaitwa. Asante kwa kufikiria.*

* * *

Kesho yake asubuhi Shabani aliingia chumbani akikimbia. Hakuna aliyekimbia mle ndani. Jasho la mtu mmoja liliweza kutia ukungu kwenye fuwele.

"Dada Paska, mwoshaji anatembea."

Mwoshaji ulikuwa mkono wa chuma uliokwenda juu ya reli, ukipuliza mvuke wa kuyeyushia fuwele zilizokwisha kazi. Ulikuwa haujatumika tangu mwaka jana. Sasa ulikuwa upande wa kulia, kwenye faili hai, ukitoka rafu moja kwenda nyingine bila pupa, na nyuma yake masinia yalimeta maji. Paskazia alipiga swichi nyekundu kwa kiganja. Mkono ukasimama. Matone yaliendelea kudondoka, na katika ukimya ule kila tone lilisikika.

Aliangalia sinia lililokuwa karibu naye. Fuwele zilikuwa zimegeuka tope jeupe.

Daktari Ruhoza alikuwa chumba cha mitambo, ameshika ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Batli umezifunga," alisema. "Upande huu nina mamlaka peke yangu. Nikaagiza yaoshwe masinia yote ambayo hayajaandikwa kitu kwa mwaka mzima. Nilidhani ni mabaki ya utafiti wa zamani. Nilitaka nipate walau nafasi za watoto mia tano."

"Daktari, mgonjwa ambaye tezi imemkubali habadilishiwi kipimo. Sinia lake husomwa kila jioni, lakini haliandikwi. Hao ndio wagonjwa wetu wazima."

"Nimeona sasa."

"Na sinia la mwongozo?"

Shabani ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Limekwisha, dada. Lilikuwa la kwanza."

Sinia la mwongozo liliandikwa mara moja tu, siku Hazina ilipofunguliwa, na ndilo lililoieleza mitambo kila fuwele isomwe vipi. Bila hilo, hata masinia ambayo mvuke haukuyafikia yalikuwa chumvi tu. Wagonjwa wote walikuwa wamepotea. Tezi zao zingeuliza jua likitua, zisijibiwe, zinyamaze. Na kabla ya wiki kwisha wodi zote kuanzia Kibondo hadi Kaliua zingejaa watu wanaohema kwa pua.

Shabani aligusa chini ya kwapa lake, palipopandikizwa tezi, taratibu, kama mtu anayehakikisha kitu kipo mfukoni. "Na mimi nimo," alisema.

Paskazia aliwaza kwamba kama jana angetoa ufunguo, huenda mwoshaji usingegeuka upande huu. Wazo lilimchoma, akalisukuma kando. Lingekuwa na siku yake.

"Daktari, ufunguo wako unao?"

"Ninao."

"Twende tukafungue vioo."

* * *

Vioo vilifunguka kwa mlio mdogo wa hewa. Batli zilikuwa kavu, safi, zimepangika kama zilivyowekwa. Ingizo la kwanza kabisa la sinia la kwanza lilikuwa nakala ya mwongozo. Paskazia mwenyewe ndiye aliyeliandika, ujanani, siku Hazina ilipofunguliwa, kwa alama sahili ambazo mwali ungezisoma bila mwongozo wowote, na wenzake walimcheka kwamba anaandika jambo ambalo limeshaandikwa. Mwali ulilisoma. Taa ya mtambo ikawa kijani.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuisubiri. Mtambo ulianza na chumba kitupu, asiwepo mgonjwa hata mmoja, kisha ukarudia kila tendo lililowahi kufanywa, kwa mfuatano ule ule, na kuliandika kwenye fuwele za akiba, zilizotengwa kisheria kwa kuijenga faili upya tu. Hapakuwa na kuruka wala kuchagua. Paskazia aliwahi kulifanya zoezi hili kwa sinia moja, lakini si kwa batli zote.

Majina yakaanza kupita kwenye kioo. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke wa Ujiji. Wa pili, wa tatu. Mwaka ule Mto Malagarasi ulipofurika, wagonjwa mia walihamishwa kwa siku moja, na wote wakapita wamehama. Watoto walizaliwa, wakaongezwa. Wengine walifikia mstari ulioandikwa *amefariki*, wakatoka. Shabani alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akitazama. Alipopita yeye mwenyewe, mvulana wa miaka kumi na mbili wa Nguruka, kipimo cha kuanzia, alicheka kidogo kwa pua.

Daktari Ruhoza alisimama muda wote. Jina lake lilikuwa kila mahali: kipimo kimepunguzwa, Dk. Ruhoza, kipimo kimeongezwa, Dk. Ruhoza. Kazi yake yote ya maisha ilipita mbele yake, mstari baada ya mstari, na haukupotea hata mmoja.

Mchana ulipita. Jua lilianza kuteremka, na batli zilikuwa zimefika mwaka juzi.

"Hatutawahi," Daktari alisema. "Simamisha hapa. Zijibu tezi kwa vipimo vya mwaka juzi. Kidogo ni bora kuliko kimya."

"Hapana."

"Paskazia, ni watu elfu arobaini."

"Mtoto aliyekuwa na kilo kumi na nane mwaka juzi, leo ana ishirini na tano. Mwanamke aliyekuwa hana mimba, leo anayo. Tezi isiyojibiwa itanyamaza, na mtu ataumwa. Tezi ikijibiwa uongo itatii, na mtu atakufa huku sisi tunaona taa za kijani. Tutamaliza yote, au tutanyamaza."

Daktari akavuta kiti, kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa.

"Jana ulisema hapana, nikatafuta njia ya kukuzunguka," alisema. "Leo endelea."

Kwa kuwa mwaka jana mabadiliko yalikuwa machache, batli zake zilikwenda upesi kuliko walivyotarajia. Mwali ulitoka sinia hadi sinia. Jua lilikuwa limeegemea vilima wakati mstari wa mwisho uliposomwa: jana jioni, mgonjwa wa Kakonko, kipimo kimeongezwa kidogo. Kisha kioo kikatulia.

"Shabani, njoo."

Alijua anachotakiwa kufanya. Alivua shati. Tezi ilikumbuka jambo moja tu, kipimo cha mwisho ilichopewa, na kwa kumbukumbu hiyo moja wangejua kama faili mpya inasema kweli. Paskazia aliweka kisomeo chini ya kwapa lake. Alisoma namba ya tezi. Akageuka kwenye kioo, akasoma namba ya faili.

"Ni ile ile," alisema.

Walipiga simu zahanati za Kasulu, Kibondo na Kaliua, wakawataka wauguzi wamsome kila mgonjwa aliye karibu. Majibu yalianza kuingia, na Daktari aliyasoma kwa sauti mpaka sauti yake ikakwaruza. Ile ile. Ile ile. Ile ile. Hapakuwa na hata moja iliyotofautiana.

Jua likazama. Tezi zikauliza.

Uvinza ikajibu. Ramani ya ukutani, iliyokuwa nyeusi tangu asubuhi, ilianza kuwaka kwa vidoa vidogo, Ujiji kwanza, kisha kaskazini yote, kisha mashariki kufuata njia ya reli, mpaka pasiwe na kijiji kilichobaki gizani. Shabani alijikuna kwapa. "Imeamka," alisema. "Huwa inawasha kidogo ikiamka." Kisha akakaa sakafuni bila shati, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Paskazia alikaa pembeni yake. Daktari Ruhoza, mkurugenzi wa Hazina, aliungana nao pale chini na koti lake jeupe, na hakuna aliyeona ajabu.

* * *

Jambo jingine Paskazia aliligundua kesho yake, alipokuwa akipanga masinia. Alihesabu rafu za faili mpya, akadhani amekosea, akahesabu tena. Wagonjwa wale wale, vipimo vile vile, vilienea kwenye chini ya nusu ya rafu za zamani.

Aliposhika kalamu na kufikiri, sababu ilikuwa wazi. Kwenye fuwele, maandishi hayafutwi kwa raba. Kila kipimo kilipobadilishwa, mwali uliandika kipya pembeni na kukiacha cha zamani kikiwa kimekufa mahali pake. Miaka nenda miaka rudi, faili hai ilikuwa imejaa maiti za vipimo vya zamani, na hakuna aliyethubutu kuigusa kuisafisha. Batli zilipoijenga upya, ziliandika kilicho hai tu.

Alivua viatu vya chumbani, akaenda wodini. Daktari alikuwa anamsikiliza mtoto kifua.

"Daktari, wahesabu watoto wako," alisema. "Wale elfu tisa nafasi yao ipo. Na nafasi ya nakala kamili ipo pia, tuipeleke Tabora ikakae mbali na sisi. Na batli zinabaki."

Daktari alitoa stethoskopu masikioni. Alimtaka arudie, naye akarudia.

Kisha Daktari akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika usiku uliopita, kabla hajajua lolote kuhusu nafasi. Kuanzia sasa hakuna sinia la upande wowote litakaloyeyushwa kwa ufunguo mmoja. Na hata kwa funguo mbili, sinia lililohukumiwa litatengwa likiwa kavu mwezi mzima kabla ya kuguswa na maji, ili mtu yeyote anayelihitaji apate muda wa kupiga kelele.

"Umejifunga mikono mwenyewe," Paskazia alisema.

"Na nimelala vizuri," alijibu.

Watoto waliingizwa kwa zamu, waliozidiwa kwanza. Paskazia hakuigusa orodha. Dativa aliitwa katika kundi la pili, na jioni tezi yake ilipojibiwa kwa mara ya kwanza, batli iliandika mstari mpya chini ya mistari yote iliyotangulia: *Dativa, wa Uvinza, ameongezwa.*

Mvua za kwanza zilipofika, Leonia alikuwa amekaa barazani anashona gauni. Watoto wa mtaa walitoka mbio uani kuikimbilia, na Dativa alikuwa katikati yao, nguo imemganda mwilini, anapiga mateke madimbwi. Maji yalikuwa ya baridi, baridi ile ambayo zamani ingemlaza wiki nzima. Leonia aliinuka na kufungua mdomo kumwita arudi ndani. Kisha akaufunga, akaweka gauni kitini, akavua kandambili, na kumfuata mwanawe mvuani.